Nilikataa Mara Moja Tu

Azrou, 9 Machi 1997

Binti yangu Tuda,

Barua hii nimempa utingo wa basi la Sidi Slimane, yule mwenye jino la dhahabu. Ameapa ataiacha kwa muuza mkate aliye karibu na mashamba ya michungwa mnakotua kila mwaka. Nimemwambia asipoifikisha, chai ya jikoni kwetu asahau.

Huku baridi haijatuachia. Wasichana wa bweni wanavaa soksi mbili mbili na bado wanalia kama paka. Mimi nawapikia dengu, nawazimia taa, nawafokea, siku zinakwenda.

Nisikuchoshe kwa maneno. Mgongo wa mama yako ulipogoma, ukaacha shule ili umsaidie kwenye lori la nyuki, mimi nilinyamaza kwa kuwa sikuwa na la kukupa. Sasa ninalo. Kitanda kimoja kitakuwa wazi hapa bwenini kuanzia Septemba. Mkuu wa bweni ameniambia, “Rabha, unalea watoto wa watu mwaka mzima, basi leta na wako mmoja.” Mimi sikuzaa. Wangu ni wewe.

Ungeingia sekondari, na shule yenyewe iko ng'ambo ya barabara tu. Lakini lazima iwe mwaka huu. Ukipita, utakuwa umevuka umri wa kupokelewa, na hakuna atakayeweza kuwabembeleza, hata mimi.

Najua unafikiria nani atawafundisha wadogo zako, Bassou na Itto. Hilo tutalizungumza baadaye. Kwanza niambie: kitanda unakitaka?

Msalimie dada yangu Hadda, umkande mgongo kwa mafuta ya zeituni yaliyopashwa moto, si ya baridi. Msalimie na shemeji Zayd na nyuki wake.

Mama yako mdogo,
Rabha

*

Sidi Slimane, 28 Machi 1997

Mama mdogo mpendwa,

Barua yako imefika ikinuka hamira. Nakujibu kwa Kiarabu, maana Kifaransa changu kimeota kutu. Siku hizi nakitumia kusoma maandishi ya kwenye magunia ya sukari tu. Nyumbani tunaongea Kitamazight chetu, na nyuki wanaelewa kelele za baba za lugha zote.

Michungwa imechanua hadi kichwa kinauma. Mizinga tumeipanga kandokando ya mfereji. Baba ameridhika, na akiridhika hasemi kitu, anapiga mluzi.

Umewataja watoto. Shule yetu haina mlango wala kengele, inafunguka popote lori linapokwama. Tulipokuwa njiani kuja huku gurudumu lilipasuka kabla ya Meknes. Mkate ulikuwa mmoja na sisi watu watano. Bassou akasema agawe yeye kwa sababu yeye ni mwanamume. Nikamwambia gawa, lakini kila kipande ukiite jina lake la hesabu, nusu, robo, moja ya tano. Alikata, akaita, akakosea, akajikuta amebaki na ganda. Itto akamwambia, “Hilo linaitwa sifuri, kaka.” Tangu siku ile hajakosea sehemu tena.

Itto anasoma herufi kwenye makreti ya machungwa. Anazisoma kwa sauti mpaka wachumaji wanamjibu. Na kwenye kizuizi cha barabara askari mmoja alichungulia ndani ya lori akauliza, “Hawa kwa nini hawako shule?” Mimi, unanijua, nikainamia kamba za mizinga. Bassou akamjibu, “Afande, tuko shuleni. Wewe ndiye umeingia bila kubisha hodi.” Baba nusura azimie. Askari akacheka, akamuuliza mji mkuu wa Mauritania, Bassou akautaja, tukapita.

Kuhusu kitanda, Mungu akulipe kheri, mama mdogo. Lakini usijisumbue kwa ajili yangu. Wako wasichana wenye haja kuliko mimi. Mimi niko salama, na watoto hawa wananihitaji. Kitanda mpe mwingine.

Mama anakusalimu. Mafuta tunayapasha moto.

Mwanao,
Tuda

*

Azrou, 22 Aprili 1997

Tuda binti yangu,

Jibu lako nililisoma nikiwa nimesimama jikoni, sufuria ikaungua. Nilikuwa nimeshakushonea foronya, basi tu. Lakini maneno yako yako wazi na nimeyaheshimu. Mtoto anayesukumwa shuleni huja na miguu tu, kichwa hubaki kwao. Nimeshaona wengi.

Kitanda amepata msichana anaitwa Mamass, kutoka vijiji vya juu msituni. Baba yake anakata mierezi. Alipoambiwa, alilia hapo hapo ofisini, akafuta kamasi kwa mkono wa koti la mkuu wa bweni, ambalo lilikuwa limetundikwa karibu. Mkuu hajui mpaka leo.

Na kwa kweli nilijivuna. Nilimwambia mkuu, “Mpwa wangu ana shule yake mwenyewe, ina magurudumu.” Ukiwa na umri huo na moyo huo! Mimi katika umri wako nilikuwa nagombania kioo.

Bassou nimemwandikisha mtihani wa cheti cha msingi kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ataufanyia Tiflet mwezi Juni, maana ndiko mtakakowapeleka nyuki kwenye mikalitusi. Aende na kalamu mbili, na asiwajibu wasimamizi kama alivyomjibu yule askari.

Rabha

*

Karibu na Tiflet, 25 Mei 1997

Mama mdogo,

Nimefurahi kwa ajili ya Mamass. Ni jambo jema.

Tumehamia kwenye mikalitusi. Vumbi ni jingi na kivuli chake chembamba. Bassou anasoma kwa ajili ya mtihani. Anasoma amening'inia juu ya turubai kama nguo iliyoanikwa, lakini anasoma.

Wiki iliyopita tulipata somo zuri la nyuki. Mwenye shamba alisema atafungulia maji upande wetu, na baba alikuwa ameenda mjini kutafuta kipuri. Basi tulisogeza mizinga kadhaa hadi ng'ambo ya kile kilima kidogo. Asubuhi nyuki wakatoka kazini, na jioni wakarudi mahali pa zamani. Wakawa wanazunguka palepale penye udongo mtupu, wanatafuta mlango ambao haupo. Watoto wamejionea kwa macho yao: nyuki hukariri mahali, si sanduku. Ukitaka kumhamisha, msogeze hatua chache tu, au mpeleke mbali kabisa, asiweze kuitambua njia. Katikati ya hapo unampoteza. Itto amechora picha.

Hakuna jingine. Nimechoka kidogo, ni joto.

Tuda

*

Tiflet, 27 Juni 1997

Kwa Mama Mdogo Rabha, bwenini, jikoni,

Assalamu alaikum. Mimi ni Bassou. Tuda hajui kama naandika, kwa hiyo makosa ya maandishi ni yangu yote, usimlaumu.

Mtihani nimefanya. Hesabu ilikuwa rahisi. Waliuliza kuhusu mfanyabiashara mwenye mkate na watoto, nikacheka, msimamizi akaniambia nitoke kama nina kichaa. Sikumjibu. Uniandikie kwamba sikumjibu, mama haamini.

Sasa nakwambia jambo. Tuda alikwambia somo la nyuki? Halikuwa somo. Kanuni ile baba alitufundisha zamani, hata Itto anaijua. Tuda anaijua kuliko sisi. Siku ile alikuwa ameamka kufua, akapika, akanifundisha historia, akambeba mama mpaka kisimani kuoga, halafu yule mzee wa shamba akaja anafoka maji yanakuja, maji yanakuja. Nikamwambia, “Tuda, si tutawapoteza tukiwasogeza hapo tu?” Akaniambia, “Shika upande ule, nyamaza.” Tukasogeza. Jioni nyuki walipokuja kuzunguka pale patupu, akakaa chini katikati yao bila wavu, akalia. Hakulia kwa kuumwa. Ingawa aliumwa pia, jicho likawa kama nyanya. Baba aliporudi akaangalia mizinga, akamwangalia Tuda. Hakupiga mluzi.

Halafu kuna hili. Mimi hulala chini ya lori na mama hulala juu yake, kwa hiyo sisikilizi, ila nasikia. Jioni moja mama na Tuda walikuwa wanachambua dengu. Mama akamwambia, “Una nini wewe tangu barua ya Rabha?” Tuda akasema, “Kitanda kampa mtu mwingine.” Mama akasema, “Si wewe uliyekataa?” Tuda akasema, “Nilikataa mara moja tu!” Mama akaendelea kuchambua. Tuda akasema, “Hakunisihi. Hata mara ya pili hakunisihi. Hata mgeni wa njiani husihiwa anywe chai.” Halafu dengu zikamwagika, mimi nikaitwa kuziokota.

Ndiyo hivyo. Mimi sitaki aende, nakwambia ukweli, kwa sababu mkali wa historia ni yeye na mama hajui kusoma na baba hajui. Lakini anafunga vitabu vyake vya zamani kwenye mfuko wa nailoni kila tukihama na havifungui.

Usimwambie ni mimi. Lakini atajua.

Bassou mwana wa Zayd

*

Azrou, 14 Julai 1997

Tuda,

Nimekasirika. Nimekukasirikia wewe kidogo, na mimi mwenyewe sana.

Usiniulize nimejuaje. Aliyeniandikia ana mwandiko wa kuku, na matokeo yake ya mtihani yametoka: amefaulu, mwambie. Mwambie pia kwamba nasadiki hakumjibu msimamizi.

Hivi mimi ni mtoto wa nani? Si wa bibi yako? Nyumbani kwa bibi yako hata maji ya kunywa tuliyakataa kwanza. Mgeni akikaribishwa husema nimeshiba na utumbo unanguruma. Mwenyeji anaapa, mgeni anakataa, mwenyeji anamshika mkono, ndipo mgeni anakaa. Asiyesihi tulimwita bahili. Anayekula alipoitwa mara ya kwanza tulimwita mlafi. Haya yote nayajua kama jina langu. Lakini nimekaa mjini na fomu zao miaka mingi, ndiyo au hapana, weka sahihi hapa chini. Ukaniandikia hapana ya adabu, nikaipokea kama hapana ya fomu. Mama yako mdogo amekuwa mwanamke wa ofisini, na kazi yake ni kupika dengu!

Na wewe nawe. Ungekuwa umeketi mbele yangu ningekuona uso. Karatasi haina uso, Tuda. Barua inachukua wiki tatu kwenda na tatu kurudi; mpaka nikusihi mara tatu, mwaka wa shule umeanza na kwisha.

Sasa sikiliza. Kitanda kimekwenda, na sitamnyang'anya Mamass, hilo lisikupitie kichwani. Lakini nimeenda kwa mkuu wa bweni. Nilipiga kelele. Baadaye niliomba. Amekubali ulale chumbani kwangu, kile kilicho nyuma ya stoo ya unga, kwenye godoro chini. Kinanuka panya na vitunguu. Hutakuwa kwenye orodha ya vitanda, ila kwenye orodha ya shule utakuwamo, na sahani yako jikoni ni juu yangu.

Masharti ni mawili. Shule inataka idhini ya baba yako kabla Agosti haijaisha, kwa kidole gumba chake. Na mimi nataka neno lako.

Haya, nakusihi. Njoo. Nakusihi tena: wallahi utakuja. Nakusihi mara ya tatu, nimekushika mkono. Zote nimeziweka humu humu, ili usinifanyie adabu. Usiniandikie habari za wenye haja. Nijibu kama mtu mwenye njaa.

Rabha

*

Milimani juu ya Azilal, 19 Agosti 1997

Mama mdogo,

Nataka kuja.

Nimeandika hilo kwanza kabla ya salamu kwa sababu nikianza na salamu nitalizunguka. Barua yako ilinikuta huku tumechelewa. Ilipita kwa muuza mkate, kwa fundi wa magurudumu wa Tiflet, kwa mwenye duka la kijiji hapa chini, na wote waliniambia “barua yako inatoka kwa mtu mwenye hasira,” maana uliandika kwa kukandamiza kalamu mpaka bahasha ikatoboka.

Mama nilimwambia siku hiyo hiyo. Alisema, “Mwambie baba yako mwenyewe. Mimi sitakubebea.” Nilikaa nayo siku kadhaa. Kila nikimkaribia baba nilikuta namuuliza anataka chai. Alikunywa chai nyingi sana.

Huku nyuki wako kwenye daghmusi, ile mimea ya miiba yenye utomvu mweupe, na asali yake inawasha koo. Jana mchana nilingoja mpaka amevaa wavu usoni na ameinamia mzinga. Nilitaka nisiyaone macho yake. Nilikuwa nimeshika bomba la moshi. Nikasema, “Baba, mama mdogo ana godoro. Nataka kwenda shule Azrou.”

Aliendelea kuinua sega. Akasema, “Godoro gani?”

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikaanzia kwenye panya.

Akasema, “Na Itto atafundishwa na nani?”

“Bassou.”

“Bassou?” Akageuka, wavu ukamwendea upande. “Bassou atamfundisha nini zaidi ya ujeuri?”

Bassou alikuwa juu ya lori. Akasema, “Baba, nina cheti.”

“Shuka huko na cheti chako kabla sijapanda mimi!”

Mama alikuwa amekaa kivulini na mto nyuma ya mgongo. Hakupaza sauti. Akasema, “Zayd, mwache aende. Mgongo huu ni wangu, si wake.”

Baba alifunga mzinga. Akafungua wa pili, akaufunga bila kuangalia ndani. Mimi niliendelea kupuliza moshi mahali pasipo na nyuki. Kisha akasema, akinitazama mikononi, si usoni, “Siku ile ya mizinga nilijua. Anayejua kanuni akaikosea, huyo amechoka. Nilijua, na bado asubuhi yake nilikuamsha.”

Halafu akasema, “Nenda.”

Alilisema mara moja. Mama mdogo, nitakwambia ukweli, kinywa kilishafunguka. Nilikuwa tayari na hapana, baba, nitabaki, mnanihitaji, na nilijua angepumua akisikia hivyo. Nilikiona kifua chake kinasubiri. Nikasema, “Ahsante, baba.” Akavua wavu akaenda kunawa mbali na sisi.

Idhini nimeiandika mimi mwenyewe. Baba ameweka kidole gumba chake kikiwa na nta, kwa hiyo alama imeng'aa kidogo. Waambie ni hivyo hivyo. Nimeiweka ndani ya bahasha hii. Mwenye duka ataishusha mjini leo na kuitia kwenye basi la huko kwenu, iwahi kabla Agosti haijaisha.

Sijui kama nimefanya sawa. Jana jioni Itto alikataa kukaa na mimi. Leo asubuhi Bassou amefungua shule yake nyuma ya lori, akaanza kwa kuita majina. Itto akasema, “Nipo, mimi peke yangu nipo, unaita nani?” Bassou akamwambia amechelewa. “Nimechelewa kutoka wapi, nimelala hapa hapa!” Walipigana. Baadaye nilimsikia Bassou akimsomesha vibao vya barabara kwa kichwa, kutoka hapa mpaka Sidi Slimane, na Itto akimsahihisha. Mama aliwageukia akawasikiliza mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nasugua sufuria, sikuenda kumrekebisha Kifaransa chake, ingawa kilikuwa kinaomba.

Ni mimi niliyewazoesha hivi, na ni mimi ninayeondoka. Naogopa mwaka ujao Itto hatajua kugawanya. Naogopa baba atamwamsha Bassou. Naogopa pia darasa lenye watu arobaini wanaonigeukia ninapoulizwa jina. Haya nakwambia kwenye karatasi kwa kuwa haina uso, kama ulivyosema. Usinikumbushe nikifika.

Baba atanishusha kwenye basi Beni Mellal mwanzoni mwa Septemba akienda kuuza nta. Mimi nawe ana kwa ana hatutaongea mengi, tunajuana.

Nikifika nitakuwa nimechoka, mama mdogo. Si uchovu wa safari. Naomba siku ya kwanza usinitambulishe kwa mtu, wala kwa Mamass, wala kwa mkuu wa bweni. Usinisihi kula. Nionyeshe godoro lilipo, ufunge mlango, uniache nilale mpaka nishibe usingizi. Nitaamka mwenyewe.

Tuda